Breka Mpya ya Mama Jaimin

Breka ilikata mara ya kwanza Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Najua saa kwa sababu niliiandika. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne, na sijawahi kuanza kutafuta ubovu bila daftari.

Aliyenigongea mlango alikuwa jirani yangu, Mama Jaimin, tochi mkononi ingawa nje kulikuwa kumekucha. Jina lake hasa ni Harshida. Tunakaa ghorofa ya pili ya jengo la zamani hapa Mchafukoge. Mlango wake unatazamana na wangu, na kati yetu pana hatua nne za sakafu ambayo yeye huipiga deki yote, pamoja na upande wangu. Mumewe, Ravindra, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Mke wangu, Anifa, alifariki miaka minne iliyopita. Wote wawili tumezaliwa kusini, yeye Lindi, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, mimi Newala. Kwa hesabu yake Lindi ni mji na Newala ni shamba la mikorosho.

"Mwalimu, kwako umeme upo?"

"Upo."

"Kwangu umeondoka. Njoo. Lakini viatu hivyo acha hapohapo, nimedeki."

Boksi la umeme la kwake ni jipya. Mwezi wa sita mwanawe, Jaimin, alileta fundi akabadilisha kila kitu ukutani. Fyuzi za kaure zilitolewa, ukawekwa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ambao nyumba ile haikuwahi kuwa nao, na ikafungwa breka yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Breka ya aina hiyo haingoji nyaya ziungane. Umeme kidogo tu ukivuja nje ya njia yake, hata ule usioweza kuwasha balbu, inakata. Fundi aliifanya kazi vizuri. Niliikagua mwenyewe.

Niliirudisha breka juu. Ikashuka. Nikachomoa kila kitu kilichokuwa kwenye soketi, nikazima jiko kwenye swichi yake kubwa ya ukutani, nikairudisha tena. Ikakaa. Kuanzia hapo kazi ni ya subira tu: unarudisha kifaa kimoja, unangoja dakika mbili, unarudisha kingine. Friji, ikakaa. Feni, ikakaa. Birika, pasi, televisheni, taa ya mezani kwenye sehemu yake ya ibada, yote sawa. Nikabonyeza swichi ya jiko. Tak! Nyumba nzima ikazima.

"Ni jiko," nikasema.

"Jiko haliwezi," akajibu, kama mama aliyeambiwa mwanawe kaiba. "Zuri hilo. Ravindra alilinunua mwaka tisini, halijawahi kunisumbua hata siku moja."

"Mama Jaimin, mimi sisemi ni baya. Nasema ni lenyewe."

"Basi liambie kwa upole."

Ni jiko la umeme la kusimama, lenye koili nne juu na oveni chini, enameli nyeupe isiyo na doa. Hana jingine. Mwaka juzi, jiko la watu lilipolipuka katika ghorofa la mtaa wa pili, Jaimin alikuja siku ileile akabeba mtungi wa gesi wa mama yake, hakuurudisha.

Jumapili Jaimin alikuja mwenyewe. Ana biashara ya vigae na nyumba Mbezi Beach, anakokaa na mkewe Kajal na watoto, na ni mtu wa haki. Hilo nalijua, maana nilimfundisha tuisheni mezani kwangu kuanzia kidato cha pili mpaka cha nne. Alikuwa akikosea hesabu hafuti, anaandika chini yake, "nimekosea."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu, pamedekiwa."

Akacheka, akavua. Nikamweleza nilichokipata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, jiko jipya naweza kununua leo hii hapo Kariakoo. Sio shida. Shida ni kwamba hatujui. Leo jiko, kesho friji, kesho kutwa ukuta. Nyumba imechoka. Chumba chako kwangu kiko tayari tangu Diwali, Kajal ameshaweka mpaka mapazia. Mimi usiku silali vizuri."

"Kwa nini hulali? Umekula nini?"

"Mama."

Mama Jaimin alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akakunja mikono. "Sikiliza. Mwalimu atapata ubovu. Akiupata na akautengeneza, nabaki hapa mpaka nichoke mwenyewe, na habari ya chumba usiniambie tena. Asipoupata, Jumapili ijayo saa sita njoo na gari. Nitapanda bila kusema neno."

"Wewe? Bila neno?"

"Nitakaa kimya mpaka Mwenge, nusu ya njia."

Jaimin alinitazama, akamtazama mama yake, akanyoosha mkono wakapeana. Mimi sikuulizwa.

Sipendi kutia chumvi, kwa hiyo nitaeleza hali ilivyokuwa. Kila siku saa kumi jioni thermosi ya chai ya tangawizi huvuka zile hatua nne za sakafu pamoja na vikombe viwili. Tunakaa mlangoni, kila mtu upande wake, tunabishana kuhusu taarifa ya habari mpaka adhana ya magharibi. Mbezi Beach ni kama kilomita ishirini kutoka hapa. Sina gari. Ana miaka sabini na miwili, mimi sabini na mmoja. Niliandika kwenye daftari: muda wa mwisho, Jumapili, saa sita mchana.

Kwa kuwa jiko lilikuwa limezimwa na mtu lazima ale, kuanzia Jumatatu Mama Jaimin alipika kwangu, kwenye jiko langu dogo la gesi. Jaimin hakuambiwa. Mama Jaimin hali nyama wala samaki, wala hali kilichopikwa ndani ya chombo kilichogusa samaki, na jikoni kwangu hakuna chombo kisicho na hatia hiyo. Alivuka na sufuria zake, miko yake, chumvi yake, na hata kibiriti chake.

"Kibiriti changu nacho kina samaki?"

"Kinanuka dagaa. Kila kitu chako kinanuka dagaa, Mwalimu. Daftari pia."

Nilihamishia mkebe wa dagaa chumbani kwangu, nikaufunga ndani ya mifuko miwili. Wiki ile nzima nilikula dengu, mchicha na chapati nyembamba anazozipaka samli. Nilipungua nusu kilo na sikulalamika.

Jumatatu hiyohiyo nilifungua jiko, nikaitenga kila koili, nne za juu na moja ya oveni, nikaipima kwa multimita yangu. Zote tano zilikuwa nzima. Hakuna waya uliokatika, hakuna uliobabuka, hakuna mende aliyekufa mahali pabaya. Kwa mujibu wa multimita, lile lilikuwa jiko zima kabisa. Nilikagua nyaya za nyumba pia kutoka kwenye boksi mpaka nyuma ya jiko. Nazo nzima.

Shaibu, mlinzi wa jengo, alipanda kuja kuangalia. Shaibu huwa anajua kila kitu.

"Mwalimu, unajitesa bure. Kata huo waya wa ethi. Mzigo unawaka fasta, breka haisemi kitu. Mtaa mzima wanafanya hivyo."

"Najua wanafanya hivyo."

"Sasa?"

"Sasa, Shaibu, breka ni kama mtu anayekuambia nyumba inavuja. Wewe unataka nimzibe mdomo, sio nizibe paa."

"Lakini litawaka."

"Litawaka. Na Mama Jaimin atakuwa ndiye waya wa ethi."

Akafikiri. "Hapo sasa," akasema, akashuka.

Jumanne nilikwenda Kariakoo kwa Benedikta. Ana duka la vifaa vya umeme mtaa wa nyuma ya soko, na ni fundi aliyesomea; nilimfundisha kidato cha tatu. Nilihitaji mega, kipimo ambacho mafundi hukitumia kutafuta umeme unaovuja. Multimita ina betri ya volti tisa, husukuma umeme kwa unyonge, na uvujaji mdogo haiuoni. Mega husukuma kwa volti mia tano.

Benedikta alikuwa juu ya ngazi akihesabu soketi. Hakushuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Ulinipa thelathini na nane."

"Marahaba. Ulistahili thelathini na tano. Tatu nilikuongeza kwa mwandiko."

"Wateja, mmemsikia?" Duka zima likacheka. "Unataka nini leo?"

Nikamweleza. Akashuka, akanipa mega yake mwenyewe ndani ya begi la bluu, akasema hataki hela, anataka nikiri mbele ya watu kwamba swali la tatu la mtihani ule lilikuwa na makosa. Lilikuwa na makosa kweli. Nikakiri.

Jumatano nilipima. Koili nzuri, ukiipima kati ya waya wake na bati linaloufunika, mega inasoma zaidi ya mia; namba ikiwa ndogo, umeme unavuja. Ya kwanza ya Mama Jaimin ilisoma sifuri nukta sifuri mbili. Ya pili sifuri nukta sifuri tatu. Ya tatu, ya nne, na ile ya oveni, zote hivyohivyo. Nilirudia mara tatu. Niliandika namba kumi na tano kwenye daftari nikazitazama muda mrefu, maana zilikuwa hazina akili. Koili moja inaweza kuharibika. Koili tano haziwezi kukubaliana kufa asubuhi moja.

Nilimpigia Benedikta simu.

"Limelowa," akasema, hata sijamaliza kumsomea.

"Haiwezekani. Ni mwezi wa nane, mvua hakuna. Bomba la maji liko ukuta wa pili. Dari ni kavu, nimeipapasa kwa mkono."

"Mwalimu, ndani ya bati la koili mna unga mweupe, na unga ule unakunywa maji kama sponji. Zote tano kwa pamoja? Hilo jiko limelowa. Kama sio mvua, ni mtu. Muulize mwenyewe."

Nilikuwa nimeshamuuliza. Nilimuuliza Jumamosi, Jumapili na Jumatatu: tangu breka ianze kukata, umefanya nini ambacho si cha kawaida? Kila mara alijibu hajafanya kitu, na kila mara niliandika jibu lake. Nilirudi tena nyuma ya jiko na tochi. Nilipovua bati la ubavuni nikagusa pamba ya kioo inayozunguka oveni ili isipoteze joto. Ilikuwa imelowa chepechepe. Niliikamua, maji yakatoka kati ya vidole.

Alhamisi mchana Mama Jaimin alimaliza kupika kwangu akaanza kusafisha. Nilikuwa mezani na daftari. Nikasikia maji, nikainua kichwa. Alikuwa amechukua jagi langu na anamimina maji juu ya jiko langu la gesi, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto kichwa.

"Mama Jaimin! Jiko haliogeshwi!"

"Linaogeshwa. Hili lako halijaogeshwa tangu Anifa." Akamimina jagi jingine. "Langu nimeliogesha Alhamisi iliyopita, ndoo mbili na nusu, mpaka maji yaliyotoka chini yakawa meupe."

Niliweka kalamu chini.

"Alhamisi iliyopita."

"Si ilikuwa kesho yake Shitala Satam? Wewe mwenyewe Ijumaa ulikula kwangu."

Nilikula, ni kweli. Kila mwaka mwezi wa nane kuna siku moja ambayo nyumbani kwake moto hauwashwi. Siku inayotangulia anapika vyakula vyote. Jioni analisafisha jiko, analipaka alama za vidole za unga mwekundu wa ibada, analiwekea ua, analiacha lipumzike. Wanaamini usiku ule Shitala Mata, mungu wa kike anayependa ubaridi, hupita kwenye majiko ya watu kujipooza, na akikuta jiko la moto anaumia. Kesho yake wanakula kila kitu baridi. Nimekula chakula hicho miaka mingi, puri, vile vichapati vya kukaanga, na viazi na mtindi, nikiwa nimetoka msikitini. Mwaka huu pia nilikula, nikasema viazi vina limau ya kutosha. Kisha Jumamosi nikafungua daftari ukurasa mpya na kuandika saa ya breka, kana kwamba jiko lilizaliwa saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Na maswali yangu yote yalianzia hapo. Hakunidanganya hata mara moja. Tangu breka ianze kukata, hakufanya kitu.

"Lakini kila mwaka unaliogesha," nikasema. "Mbona halikukata?"

"Ndiyo nakuambia, jiko halina ubaya. Kila mwaka naliogesha, kila mwaka linawaka. Siku ya kuliwasha linanitekenya tu vidole kidogo, hivi," akasugua ncha za vidole, "mpaka mchana linaacha."

Nilikuwa naunganisha. Zamani fyuzi za kaure hazikujali uvujaji, na ethi haikuwepo. Jiko lililowa, akaliwasha, bati lote la nje likawa na umeme. Yeye akaligusa akiwa na kandambili za mpira kwenye sakafu kavu, na hicho ndicho kilichomwokoa. Jiko likajipasha lenyewe, likajikausha lenyewe, saa sita likawa salama. Mwaka huu breka mpya ilikata kabla jiko halijapata hata joto la kujikausha. Kwa hiyo lilibaki limelowa, na lingebaki hivyo mwaka mzima.

"Linakutekenya tangu lini?"

"Tangu tisini. Jaimin alikuwa darasa la kwanza."

"Miaka thelathini na mitano."

"Nilidhani ni Mata. Nilidhani amepita, amepapenda, anasema asante."

"Mama Jaimin, ni umeme unaovuja. Ungekuwa umevua kandambili na sakafu ina maji, usingekuwa hapa."

Aliweka jagi chini. Alitazama vidole vyake, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama mtu anayekagua kama vyote vipo.

"Umehuzunika?" nikamuuliza.

"Kwa nini nihuzunike? Asante miaka thelathini na mitano inatosha." Halafu akaanza kucheka. "Anifa naye lilimtekenya. Alikuja kunisaidia kukaanga, akaruka, akapiga kelele mpaka Shaibu akapanda."

"Anifa? Mbona hakuniambia?"

"Alisema, Mwalimu akijua atalifungua, na tutakula baridi mwezi mzima."

Ningelifungua. Anifa alikuwa mtu wa kukadiria mambo kwa usahihi.

Ijumaa, Shaibu na mwenzake walibeba jiko mpaka juu ya paa, kule tunakoanika nguo, na mimi nikabeba koili tano ndani ya beseni. Nilitupa ile pamba ya kioo, nikanunua nyingine kwa Benedikta. Jua la mwezi wa nane si kali sana lakini halikatizwi. Nilizipanga koili juu ya bati jeusi, nikazigeuza kila saa. Mama Jaimin alipanda mara nne kuuliza kama limeiva. Ijumaa jioni namba zilikuwa zimepanda kutoka sifuri nukta sifuri mbili mpaka nne. Jumamosi saa tisa alasiri zote tano zilikuwa zimepita mia. Tukalishusha. Nililifunga usiku huo nikalijaribu: koili zote pamoja, saa nzima, huku nimeegemeza mkono kwenye swichi. Breka haikugutuka.

Mama Jaimin alikuwa amesimama mlangoni.

"Kesho mwambie liliingia maji tu," akasema kwa sauti ndogo. "Ya vidole usiseme. Akijua atanibeba kama mtungi wa gesi."

Nilikusanya bisibisi zangu. Hakuwahi kuniomba kitu kikubwa kabla ya hapo.

Jumapili Jaimin alifika saa sita kasoro tano, na masanduku mawili matupu. Alituamkia, akavua viatu kabla hajaambiwa, akayaweka masanduku ukutani. Nilibonyeza swichi. Koili zikawaka nyekundu, moja baada ya nyingine. Alibonyeza kile kitufe cha breka ili ahakikishe nayo ni nzima. Ikakata vizuri, akairudisha, ikakaa. Mama yake alishatia mafuta kwenye sufuria, akaanza kukaanga puri. Jaimin alitabasamu vizuri kabisa, kama alivyokuwa akitabasamu akipata jibu peke yake.

"Hongera, Mwalimu. Lilikuwa nini?"

Niliwatazama wote wawili. Nilifikiria ile thermosi. Kisha nikafikiria mwaka ujao, na mwaka ule mwingine, na jiko jingine lolote ambalo mtu angelimwagia ndoo mbili na nusu bila kujua.

Nilimweleza yote, tangu Alhamisi. Na ya vidole.

Mama Jaimin aligeukia sufuria yake. Mgongo wake ulikuwa umenyooka sana.

"Miaka thelathini na mitano?" Jaimin akauliza taratibu. "Umeme unampiga mama yangu kila mwaka?"

"Ndiyo."

"Basi Mwalimu, samahani. Ahadi ni ahadi, lakini sikujua hili. Siwezi kumwacha hapa. Mama, fungua kabati."

Mama yake alimjibu Kigujarati, maneno mengi ya haraka, na kati yake nilitambua moja tu, ambalo ni jina langu. Sikupenda alivyolitamka. Jaimin naye akajibu kwa Kigujarati. Mafuta yalianza kutoa moshi, nikazima koili.

"Jaimin," nikasema. "Swali moja. Kwako Mbezi, breka kama hii ipo?"

"Kwangu ni nyumba mpya, Mwalimu. Tumejenga miaka minane tu."

"Sikuuliza umri. Ina kitufe cha kujaribia?"

Alitazama kile kitufe ukutani. "Sijui."

"Waya wa ethi?"

"Sijui. Fundi alisema kila kitu kiko sawa."

"Na Kajal huliogesha jiko siku ile kabla ya Satam?"

Hilo alilijua. Nililiona likimfika. Akatoa simu, akaiweka kwenye spika. Kajal aliitika huku watoto wanapiga kelele nyuma yake.

"Kajal, jiko letu. Ile siku baada ya Satam, ukiligusa linakutekenya?"

Kajal aliwanyamazisha watoto.

"Kidogo tu," Kajal akasema. "Nilimuuliza Mama mwaka ule tuliohamia. Akasema ni kawaida, akasema ni baraka."

Jaimin alimtazama mama yake. Mama yake alitazama dari.

"Mwaka huu je?" nikauliza. "Jumamosi ya wiki iliyopita?"

"Ah, Mwalimu, shikamoo. Ndiyo, mwaka huu pia. Mwaka huu lilizidi kidogo. Kwani nini? Hapa nataka kuwasha oveni."

"Usiwashe!" tukasema watu watatu kwa pamoja.

Nilimwelekeza Kajal azime swichi kubwa ya jiko, awatoe watoto jikoni, asiguse kitu. Alifanya, akasema amefanya. Jaimin alikata simu akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mama yake. Alikuwa ametoka jasho kwenye mdomo wa juu.

"Nilikuwa nampeleka kwenye jiko jingine lilelile," akasema.

"Ambalo halina breka hii," nikasema. "Hii uliyoiweka hapa ndiyo iliyoona ubovu. Multimita yangu haikuona. Mimi sikuona, na nilikula zile puri. Kati ya jiko hili na lile la kwako, hili ndilo salama, na aliyelifanya salama ni wewe, mwezi wa sita."

Jaimin hapendi kusifiwa akiwa amekosea. Hatimaye akamwambia mama yake, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba anabaki, lakini mwaka ujao jiko linafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, swichi ya ukutani ikiwa imezimwa, na siku ya kuwasha Mwalimu awepo na kipimo.

"Kitambaa," Mama Jaimin akasema kwa dharau.

"Kitambaa, Mama."

"Mata atasema nimekuwa mvivu."

"Mata anapenda ubaridi," nikasema. "Hajasema anapenda maji ndani ya oveni."

Alinikazia macho. Nilijua chai ya siku ile nitailipia kwa maneno. Kisha akachota puri nne alizokuwa ameshakaanga kabla hatujagombana, akazifunga kwenye karatasi pamoja na kachumbari, akanipa mimi, sio mwanawe.

Jaimin alisimama akavaa viatu. "Mwalimu, mega bado unayo? Twende Mbezi sasa hivi. Tafadhali."

Nilichukua begi la bluu, bisibisi na daftari. Masanduku tuliyaacha palepale ukutani, hakuna aliyeyakumbuka. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya jengo, kiti cha mbele kimewekewa mto laini wa kitambaa cha maua, alioandaliwa mama yake. Nikaukalia.

Jaimin alipowasha injini, dirisha la ghorofa ya pili likafunguka.

"Jaimin! Umrudishe kabla ya saa kumi!"

"Sawa, Mama!"

"Na mwambie Kajal leo wale mkate! Na wewe Mwalimu, kwa watu uvue viatu!"